Uzito wa "Hate" Mahakamani Kibondo

Juzi mmoja wenu, kijana anayefanya ukalimani kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alinipitia hapa Kasulu amenuna. Mama mmoja alimwambia kwamba ule unga mpya haupendi. Yeye akampa mzungu wake kwa Kiingereza: "She hates it." Mzungu akashtuka, akaita wakubwa, wakubwa wakaja na gari, yule mama akaulizwa maswali hadi akalia. Kumbe alitaka kusema tu kwamba unga wa zamani ulikuwa mtamu zaidi.

"Lakini babu," kijana akaniambia, "si ni kitu kilekile? Like, hate. Ndivyo tulivyofundishwa."

Jamani! Nikamwambia keti, usinipandishe presha. Ndiyo maana nawaandikia wote kwa pamoja, maana nikisema nimfundishe mmoja mmoja nitakufa kabla sijafika katikati.

Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama. Nilianzia hapa Kasulu, baadaye nikahamishiwa Kibondo, miaka ya sabini, wakati watu wanahamia kwenye vijiji vipya. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: shahidi anasema kwa Kiha, mimi nasema kwa Kiswahili ili hakimu asiye mtu wa huku aelewe, hakimu naye anaandika kwa Kiingereza. Ndiyo ilivyokuwa, msiniulize kwa nini. Neno la mtu wa kijijini Kitahana lilibadilishwa nguo mara mbili kabla halijafika kwenye karatasi, na mkalimani mzembe alikuwa analiongezea koti kila mara.

Kuna mambo ya kazi ambayo hamfundishwi kwenye semina zenu. Simama pale unapouona mdomo wa anayesema. Usiseme "anasema kwamba, anasema kwamba" kama kasuku. Sema "mimi", kwa sababu wewe pale si wewe. Tusi likija, litafsiri lote, hata kama mama mkwe wako yumo ukumbini. Mimi yalinikuta. Nilimwambia hakimu neno zito la sehemu za siri huku mama mkwe ameinamisha kichwa kwenye benchi la mbele, na mwezi mzima hakukanyaga kwangu. Na shahidi akikwama, mwache akwame. Wengi wenu mna huruma mbaya, mnammalizia mtu sentensi.

Sasa tuje kwenye kutopenda, maana hapo ndipo wengi mnapovunjika miguu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapahapa Kasulu. Alikuja shahidi nesi wa Kizungu, mama mrefu mwenye soksi nyeupe, baiskeli yake imeibwa. Akaulizwa kama anamfahamu mshtakiwa, kijana aliyekuwa anamfyekea nyasi. Akajibu kwa sauti ya kanisani: "I'm not terribly fond of him." Nami nikatafsiri bila kupepesa macho: "Simpendi sana sana." Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu nyuma akasema, "Ee, kumbe anampenda kidogo!" Mshtakiwa mwenyewe akatabasamu, akadhani mambo yake yamenyooka. Wapi! Yule mama alikuwa hataki hata kivuli cha yule kijana kipite kwenye ua wake. Kwao chuki ikiwa kubwa, wengine huivalisha nguo ndogo. Halafu nesi huyohuyo alipotaka kuomba maji ya kunywa alisema, "I hate to trouble you," na hapo hapakuwa na chuki hata ya kulisha kuku. Mzee wa baraza alinivuta pembeni akaniambia, "Kijana, usitafsiri maneno ya mtu, tafsiri mtu." Nilimwona mzee anazeeka vibaya. Nilimwelewa nilipofika Kibondo.

Kibondo hakimu alikuwa Mpare, mtu mfupi, mwenye haraka, asiyependa mzaha saa za kazi, ila saa ya chakula unaweza kumtania hadi akacheka na macho. Alikuwa na ugomvi na vitu viwili vya huku kwetu: dagaa na salamu zetu.

Salamu zetu mnazijua. Muha hamsalimii mtu kama anabonyeza kengele. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwidiwe" kama jua limeshapinda, halafu unauliza: mke, watoto, wazazi, ng'ombe, shamba, mvua, na ule mguu uliokuwa unauma. Mwenzako anajibu kimoja kimoja, kisha anakurudishia vyote. Shahidi wetu akiitwa mbele, alikuwa hapiti bila kumsalimu mtu aliyemzoea, hata kama mtu huyo yuko kizimbani na yeye ndiye amekuja kumfunga. Hakimu alikuwa anagonga meza: "Mkalimani! Mwambie hapa si sokoni!" Namwambia shahidi. Shahidi anamgeukia hakimu, anainama, anaanza kumsalimia na yeye.

Kuhusu dagaa, hapo ndipo aliponifundishia. Siku moja kwa mama lishe nilimuuliza kwa nini Waingereza wana maneno mengi hivyo ya kutopenda kitu. Akanisogezea sahani yangu ya dagaa katikati ya meza.

"Sikiliza," akasema. "'I'm not keen on dagaa.' Ukiniletea nitakula, ila sitakuomba uniongezee. 'I don't care for dagaa.' Nitakula kama hakuna kingine. 'I dislike dagaa.' Mimi sili, wewe kula tu mbele yangu. 'I can't stand dagaa.' Hamia meza ile. 'I hate dagaa.' Hapo hata nikisikia wanauzwa, moyo unachafuka. 'I detest' ni hiyohiyo hate, ila mtu anaitamka ametulia, amevaa tai. 'I loathe' ina kinyaa ndani, tumbo linageuka."

"Na 'despise'?"

"Hiyo ni dharau. Unamtazama mtu toka juu. Huwezi kumdharau dagaa, amekufa tayari."

"Na 'resent'?"

"Hiyo ni kinyongo. Kinyongo kina historia. Lazima mtu awe amekufanyia jambo. Sasa dagaa amenifanyia nini?"

"Basi wewe, Mheshimiwa, umefika ngazi gani?"

"'Can't stand,'" akasema. "Toa sahani."

Nilicheka, lakini nilizishika zile ngazi. Hakunificha sababu ya kunifundisha. "Mimi nikiandika 'hate' kwenye mwenendo wa kesi," aliniambia, "nimeandika sababu ya mtu kutenda kosa. Nikiandika 'dislike', nimeandika jirani. Majirani wote wako hivyo. Kwa hiyo usinirushie 'chuki' ovyo ovyo."

Basi ikaja kesi ya Bukuru.

Bukuru alikuwa mkulima wa Kitahana, mtu wa makamo, mpole, mwenye midomo mizito ya kusema. Yeye na mtu mmoja aitwaye Gwimo hawakuchaguana. Kijiji kipya kilipopimwa ndipo walipojikuta viwanja vyao vimegusana. Mbuzi wa Gwimo walikuwa wanaingia kwenye maharage ya Bukuru. Siku moja alasiri, kiangazi, upepo unavuma, nyumba ya Gwimo ya nyasi ikashika moto wakati yeye na mkewe Anjelina wako bondeni kuteka maji. Ikateketea yote, na mahindi ya akiba ndani. Polisi walipofika wakamuuliza Gwimo swali moja: nani anakuchukia? Akasema Bukuru.

Bukuru akashitakiwa kwa kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi. Kifungo chake si cha kurudi ukaikuta mimba ya mkeo imezaliwa. Ni cha kurudi ukawakuta watoto wana ndevu. Mkewe alikuwa anakuja mahakamani kila kesi ikitajwa, kwa miguu toka Kitahana, anakaa chini ya dirisha na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nampa salamu kamili, yote.

Aliyemwona Bukuru akiwasha moto hakuwepo. Kesi nzima ilisimama juu ya ile chuki. Shahidi mkuu alikuwa Mzee Salum, mwenye duka pale kijijini, Mwislamu mstaarabu mwenye asili ya Pangani, Kiswahili chake kimenyooka. Akasema aliwasikia watu dukani kwake wakizungumza, na Bukuru akasema anamchukia Gwimo.

Mwendesha mashtaka, inspekta mmoja mwenye kifua, akamgeukia hakimu akasema kwa Kiingereza, ili sisi wengine tukome: "He hated him, Your Honour. He hated the man."

Nikaona kalamu ya hakimu inateremka, halafu ikasimama hewani. Akamtazama Mzee Salum. "Alisema kwa Kiswahili?"

"La, bwana. Kwa Kiha chao. Mimi nakisikia kidogo, si haba."

"Ulisikia maneno gani hasa?"

Mzee Salum akajitahidi. Akayatoa kwa Kiha cha Pangani, ukumbi ukamhurumia. Nami nikayaleta kwa Kiswahili kama yalivyokuwa, bila koti: "Yule na mbuzi wake wamenichosha. Sitaki hata kumwona akipita."

"Sasa hiyo ni 'can't stand'," hakimu akajisemea, kama tuko kwa mama lishe. "Au imevuka?"

Inspekta akasema imevuka kwa mbali, mtu amechoma nyumba. Hakimu akamjibu kwamba nyumba ndiyo inayotafutiwa mchomaji, haiwezi kuwa shahidi wa moyo wa mtu. Akaamuru Gwimo aitwe tena.

Gwimo alikuwa mwembamba, macho chini, koti la kuazima. Hakimu akamuuliza kupitia kwangu: siku ile, kabla ya moto, alionana na mshtakiwa? Akasema walikutana njiani, jua limepinda.

"Mlisalimiana?"

Gwimo akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza upuuzi ule. "Tulisalimiana."

"Vipi?"

"Kama watu."

Hakimu akaweka kalamu chini. Namkumbuka alivyoegemea kiti, akavua miwani. "Tangu nifike wilaya hii," akasema, "salamu zenu zinakula muda wa serikali. Leo zinilipe. Mtoeni mshtakiwa kizimbani. Nionyesheni mlivyosalimiana siku ile. Neno kwa neno, msipunguze."

Inspekta akasimama kupinga. Hakimu akamwambia anataka kupima chuki, na kama inspekta ana mizani nyingine ailete. Inspekta akakaa.

Niwaeleze jambo hakimu alilolinusa na ambalo kila Muha ukumbini alilijua. Sisi hatuna haja ya kusema simpendi fulani. Tunakata salamu. Mtu aliyekuudhi unamuuliza watoto, unaruka ng'ombe. Aliyekuchosha unampa "Mwidiwe" tu, makofi hakuna. Unayemchukia kwelikweli unaacha njia, unapita majanini. Bukuru kama angekuwa na chuki ya kuchoma nyumba, siku ile asingefika hata kwa watoto.

Wakasimamishwa wakitazamana, Bukuru na kaptula ya mahabusu, Gwimo na koti lake. Bukuru akainama. Akapiga makofi.

"Mwidiwe," akasema.

Na Gwimo, vijana, hakuwa na ujanja. Ukisalimiwa unaitika, mdomo unaitika wenyewe. Akainama na yeye.

"Mama watoto, mguu wake?" "Uvimbe umepungua."

"Watoto?" "Wapo."

"Ng'ombe?" "Maziwa kidogo."

"Maharage?" "Panya wanatumaliza. Ya kwako?" "Mbuzi wako wanayamaliza."

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka. Mimi nilikuwa katikati nawafuata kwa Kiswahili, huyu na huyu, na walikuwa wameshasahau kwamba wako mahakamani. Sauti zao zilikuwa zimeshuka zikawa za njiani, za watu wawili wanaojuana ng'ombe na mguu.

"Na moto wa shambani?" akauliza Bukuru.

"Tumeuacha unamalizikia kule nyuma ya nyumba," akaitika Gwimo. "Ila upepo huu…"

Ukumbi ukanyamaza. Wanaojua Kiha walinyamaza kwanza, na hakimu akauona ukimya kabla hajaletewa maneno. Akanigeukia. Kazi ni kazi. Nikasema: "Tumeuacha unamalizikia kule nyuma ya nyumba. Ila upepo huu."

"Moto gani?" akauliza hakimu, polepole.

Gwimo akafunika uso kwa mikono. Toka benchi la wanawake Anjelina akasimama, hakuitwa na mtu, akasema kwa Kiha, "Uliniambia umeuzima! Baba Pendo, uliniambia umeuzima!" Nilitafsiri na hilo.

Yakamtoka yote. Kijiji kilikuwa kimekataza kuchoma mashamba wakati wa upepo, na yeye alichoma. Aliogopa uongozi wa kijiji, na zaidi alimwogopa mkewe, maana mahindi yalikuwa jasho la mkewe. "Waliniuliza nani ananichukia," alisema. "Hawakuniuliza nani amechoma. Nikamtaja niliyekuwa nagombana naye. Halafu nikaona ameshafungwa pingu, nikashindwa kurudi nyuma."

Hakimu akamgeukia Bukuru. Sijawahi kuona hakimu anakasirikia mshtakiwa kwa kutokuwa na hatia, ila siku ile niliona. "Wewe ulijua kuhusu huo moto! Umekaa mahabusu muda wote huu kimya! Kwa nini?"

Bukuru akanijibu mimi, si hakimu. "Mtu ameunguliwa na nyumba. Amesimama kwenye majivu na mkewe analia. Sasa mimi nimwambie mbele za watu kwamba ameichoma mwenyewe? Moto ni wake. Nilingoja auseme."

Nilipolifikisha hilo kwa Kiswahili, sauti yangu ilikuwa imekatika, na hilo ni kosa la kazi, msiliige.

Aliachiwa siku hiyohiyo. Mkewe alimpokea pale chini ya dirisha bila kelele, akamkabidhi mtoto ambebe. Gwimo alishughulikiwa na mahakama, hilo sitaki kuliendeleza. Aliadhibiwa, akarudi kwake. Kwenye mwenendo wa kesi hakimu aliandika kwamba wawili wale "were not on good terms", yaani hawakuwa wanaelewana vizuri, na baadaye aliniambia ilimchukua muda kuyapata maneno mepesi kiasi hicho.

Kiangazi kilichofuata mama yangu mdogo aliyeolewa Kitahana aliniita, watu wanamjengea Gwimo nyumba. Huku kwetu mtu akiezeka, majirani wote wanakuja na nyasi, na mwenye nyumba anatoa pombe ya ndizi. Nikaenda. Nikamkuta Bukuru juu ya paa. Alikuwa ameleta mizigo ya nyasi ya mgongoni, nyasi nzuri ndefu, na yeye ndiye aliyeezeka pale juu ya mlango, mahali pagumu. Alifanya kazi hadi kivuli kikarefuka. Hakumwuliza Gwimo habari ya watoto wala ng'ombe. Akihitaji kamba alisema, "Kamba."

Kazi ilipoisha mtungi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Gwimo mwenyewe akauchukua mrija, akaufuta, akampelekea Bukuru kwa mikono miwili. Bukuru akanawa mikono taratibu, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Asante, nimeshiba." Hakuwa ameonja kitu tangu asubuhi. Akachukua jembe lake akaenda nyumbani.

Jumatatu nilimsimulia hakimu kwa mama lishe. Aliacha kula.

"Nyasi alipeleka?"

"Alipeleka, Mheshimiwa. Nyingi."

"Akaezeka?"

"Juu ya mlango."

"Na pombe akakataa. Basi ni neno gani hilo? Tuseme ningetakiwa kuandika."

Nikamwambia nimezipanda ngazi zake zote usiku kucha. "Hate" si yenyewe, mtu hamwezekei anayemchukia. "Despise" hapana, alimpigia makofi. Nafikiri ni "resent", nikasema, maana ina historia. Kinyongo kitakaa, na nyumba itakaa.

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta sahani yangu, akachukua dagaa mmoja, akamtazama, akamrudisha.

"Mimi," akasema, "hata nyasi nisingepeleka."